Moshi Ulikuwa na Kazi: Historia ya Masizi katika Nyanda za Juu za Kusini

Mwenye miwani aivae, na mwenye daftari alifungue. Wewe unayeusoma ukurasa huu peke yako nyumbani, soma polepole. Ukifika mwisho wa fungu, pumzika na ufikiri kabla ya kuendelea.

Kwa kawaida tukitaja historia ya huku kwetu, twataja watu wakubwa na mambo makubwa. Twamtaja Mtwa Mkwawa na ngome yake ya Kalenga, iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Twavitaja Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Hayo ni mema. Lakini leo nataka tusome historia ya kitu kidogo sana, kidogo kuliko chembe ya unga, ambacho kimekaa nyumbani mwetu kuliko mtawala yeyote. Kitu hicho ni masizi.

Ukitaka kuyaona, nenda jikoni ukapitishe kidole chini ya sufuria. Kisha tazama juu, kwenye boriti za nyumba ya bibi. Weusi ule unaong'aa kama lami ndio historia yetu ya leo.

Swali letu ni hili. Moshi huumiza macho ya mama. Humletea mtoto kikohozi. Tena wataalamu wametuonyesha kwamba masizi yake huongeza joto la dunia. Basi kwa nini tumekaa nao miaka yote hii? Je, wazee wetu hawakuona? Jibu langu ni fupi. Wazee waliona, tena waliona vizuri. Lakini moshi ulikuwa na kazi. Nasi tusipozijua kazi zake, hatutaweza kuuondoa.

Masizi ni nini?

Tufanye jaribio dogo. Washa kibatari au mshumaa. Shika kijiko juu ya ulimi wa moto, ungoje kidogo. Kijiko kimekuwa cheusi. Weusi ule ni sehemu ya mafuta ambayo haikuungua ikaisha. Moto ni kama mtu anayekula. Ukipata hewa ya kutosha na kuni kavu, hula karibu chakula chote. Ukinyimwa hewa, au ukipewa kuni mbichi, hula nusu na kutema nusu. Kile unachokitema ni moshi, na ndani ya moshi mna masizi. Wataalamu wa sayansi huyaita kaboni nyeusi.

Sasa jaribio la pili. Saa sita mchana anika juani vitambaa viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi. Baada ya nusu saa viguse. Cheusi kina joto zaidi, kwa sababu rangi nyeusi hunasa joto la jua. Chembe za masizi zinazoelea angani ni kama vitambaa vyeusi vidogo visivyohesabika. Hunasa jua na kuipasha hewa joto. Zikianguka juu ya theluji, kama katika milima ya Himalaya huko Asia, au katika nchi za baridi kali za kaskazini, theluji hupoteza weupe wake ikayeyuka upesi.

Shikeni jambo moja hapa, maana ndilo linalotupa moyo. Hewa ukaa, ile inayotoka katika makaa ya mawe, petroli na misitu inayoungua, sehemu yake hukaa angani kwa karne nyingi. Masizi hayakai hivyo. Baada ya siku chache, au wiki chache, mvua huyaosha na kuyashusha chini. Maana yake, tukipunguza masizi mwaka huu, faida yake haingoji wajukuu. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, yalitoa taarifa. Yalisema kwamba dunia nzima ikipunguza masizi, na pia gesi ya methani inayotoka katika mifugo, majalala na visima vya mafuta, yaweza kuzuia karibu nusu digrii ya joto kufikia mwaka 2050.

Lakini tusidanganyane. Masizi ya jikoni kwa mama wa Makete siyo yaliyoiharibu tabia ya nchi. Hewa ukaa iliyojaa angani imetoka zaidi katika viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri, nayo lazima ipunguzwe na waliyoileta. Kupunguza masizi hakuondoi deni lao. Sisi twapunguza masizi kwanza kwa ajili ya vifua vyetu wenyewe, na dunia nayo hupata nafuu hapo hapo.

Nyumba ya zamani

Sasa turudi nyuma. Nchi yetu hii ya Mbeya na Iringa, ambayo zamani ilijumlisha pia Njombe mpaka mwaka 2012 na Songwe mpaka mwaka 2016, ni nchi ya baridi. Mji wa Iringa umejengwa mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iko juu zaidi. Mwezi wa Juni na Julai mtu wa pwani akifika huku hutetemeka.

Uhehe na Usangu, watu walijenga tembe. Tembe ni nyumba ndefu yenye paa la udongo, kuta nene na matundu machache. Kwa nini matundu machache? Ni kwa sababu ya baridi, na katika siku za vita ni kwa sababu ya adui. Katikati yaliwekwa mafiga matatu. Moto uliwaka mchana kwa kupika, na usiku kwa kuota. Moshi haukuwa na njia ya kutokea, ila kujipenyeza mlangoni na katika nyufa.

Tuhesabu kazi za moto ule na moshi wake. Kwanza, uliivisha chakula. Pili, uliwapasha watu joto. Tatu, ulitoa mwanga, na ngano na mafumbo yalisimuliwa mbele yake. Nne, ulifukuza mbu na wadudu wengine. Tano, ulihifadhi mbegu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu yalitundikwa pamoja na maganda yake. Moshi uliyakausha, nao fukusi hawakuyapenda. Sita, uliimarisha nyumba, maana fito zilizopakwa masizi haziliwi upesi na mchwa wala bungo.

Kazi sita kwa moto mmoja! Mtu akikuambia kwamba bibi yako alikaa katika moshi kwa ujinga, mwambie azihesabu kazi hizi.

Lakini malipo ya kazi hizo yalikuwa makubwa, na aliyelipa hasa ni mwanamke, pamoja na mtoto aliyembeba mgongoni. Siku hizi twajua hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Chembe za masizi ni ndogo mno hata hupita puani na kooni zikaingia ndani kabisa ya mapafu. Huko huleta nimonia kwa mtoto, na kwa mtu mzima huleta maradhi ya mapafu, ya moyo na kiharusi.

Kibatari na kisomo

Tuje sasa kwenye kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi. Mafuta ya taa yalienea katika maduka ya vijijini wakati wa ukoloni. Watu wakachukua kopo tupu, wakatoboa kifuniko, wakatia utambi. Kwa mara ya kwanza mwanga ukaachana na mafiga. Mtu aliweza kusoma barua chumbani bila kukoka moto.

Kibatari kina heshima yake katika historia ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata, wakulima waliotoka shamba jioni walikaa madarasani wakaandika a, e, i, o, u kwa mwanga wa vibatari na karabai. Asubuhi mtu akipenga kamasi, aliiona nyeusi.

Sasa sikilizeni hesabu ya kushangaza. Mwaka 2012 wataalamu waliopima moshi wa taa za utambi walieleza kwamba katika kila sehemu 100 za mafuta ya taa yanayoungua katika taa ya namna hiyo, sehemu 7 hadi 9 hugeuka kuwa masizi matupu. Kwa moto wa kuni hata sehemu moja haifiki. Kumbe kitaa kile kidogo, kwa kadiri ya ukubwa wake, kilikuwa kiwanda cha masizi!

Je, kibatari kiliondolewa kwa amri? Hasha. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba akivunja vibatari. Zilikuja tochi, kisha taa ndogo za jua, na katika vijiji vingi ukaja umeme. Watu wakaona kwamba kazi ya mwanga inafanywa vizuri zaidi, tena bila ya kununua mafuta kila wiki. Wakakitupa kibatari wenyewe. Shikeni mfano huu, maana tutaurudia.

Barabara ya malori

Masizi mengine hayakutoka jikoni. Yalipita barabarani.

Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wa wachache. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya kusini. Njia hiyo ikafungwa. Basi mafuta ya Zambia yakabidi yapite Dar es Salaam, kisha yapande kwa malori kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Barabara ilikuwa ya udongo. Wakati wa mvua malori yalizama katika tope, na wakati wa kiangazi yaligongana katika vumbi. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Madereva wengi walikufa humo.

Baadaye njia zikatengenezwa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, ndefu kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa Wachina kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Barabara nayo ikatiwa lami. Tangu siku hizo Nyanda za Juu za Kusini zimekuwa mlango wa nchi za kusini, na malori hayajakatika.

Mkisafiri, tazameni lori kuukuu likipanda mlima wa Kitonga na mzigo mzito. Dereva anakanyaga, injini inamiminiwa dizeli nyingi kuliko hewa iliyo nayo, na moshi mweusi unatoka nyuma. Ni jambo lile lile la kuni mbichi: chakula kingi, hewa haba, moto unatema.

Je, masizi hayo nayo yalikuwa na kazi? Naam. Yalikuwa gharama ya kuiokoa nchi ya jirani isinyongwe. Hatuwezi kuwalaumu madereva wa mwaka 1966. Lakini kazi ile ile yaweza kufanywa kwa masizi machache. Kuanzia mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kipimo kipya cha dizeli yenye salfa kidogo sana. Salfa huharibu vichujio vinavyonasa masizi katika injini za kisasa. Dizeli safi, pamoja na kusafisha kichujio cha hewa na kutengeneza pampu ya mafuta kwa wakati, hupunguza weusi ule tunaouona Kitonga.

Moto wa nyika

Kuanzia Juni hadi Oktoba milima yetu huungua. Kutoka Mbeya hadi Mufindi, usiku utaona mistari myekundu vilimani. Zaidi ya nusu ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko katika bara la Afrika, na sehemu kubwa ni nyika kama zetu.

Moto huo nao ulikuwa na kazi. Mfugaji alichoma nyasi kavu ili nyasi changa ziote, na kupe wafe. Mkulima alichoma ili asafishe shamba na apate majivu ya kurutubisha udongo. Mwindaji alichoma ili wanyama watoke. Zamani watu walikuwa wachache na nchi ilikuwa pana. Baada ya mavuno moja au mawili mtu alihama, na pori likapona.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo la Kikoloni la Waingereza lilianzisha kampuni ya miwati huko Njombe, na baadaye serikali ikapanda misonobari huko Sao Hill, wilaya ya Mufindi, maelfu kwa maelfu ya hekta. Kisha wananchi wenyewe wakaanza kupanda mipaina yao. Kwa mzee wa Mufindi shamba la miti ndiyo benki yake. Ndiyo ada ya mtoto shuleni, ndiyo bati la nyumba. Jirani akiwasha nyasi saa saba mchana upepo ukivuma, akiba ya miaka kumi na mitano yaweza kuteketea jioni moja. Tumeupa moto wa namna hiyo jina lake: moto kichaa.

Lakini wapo wazee waliojua kulima bila ya kuchoma. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga hulima kwa ngoro tangu zamani. Hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana, wakazifunika kwa udongo, na katikati wakaacha shimo. Nyasi huoza zikawa mbolea, na shimo huzuia maji yasibebe udongo wa mlimani. Nyasi ambazo wengine huzigeuza moshi, wao huzigeuza chakula cha mahindi. Elimu hiyo haikuletwa na meli. Ni ya hapa hapa.

Kwa nini majiko mengine yalikataliwa

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Wakati wa kuhamia vijijini, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu waliokuwa wametawanyika walikusanywa pamoja. Yalikuwapo manufaa yake, kama shule na zahanati. Lakini nyumba nyingi zilipokaa pamoja, kuni za karibu zilikwisha. Mama aliyeokota kuni nyuma ya nyumba akaanza kwenda mbali. Mwaka 1980 ilifanywa kampeni ya redio iliyoitwa Misitu ni Mali, na tangu miaka hiyo majiko banifu ya namna nyingi yamefundishwa nchini. Mengine yalipokewa. Mengine yalikataliwa.

Niruhusuni niseme niliyoyaona mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilitembelea kijiji kimoja cha Mufindi ambako mradi mmoja uligawa majiko ya kuni kidogo. Nilikuta jiko zuri kabisa, limetiwa majani makavu, na kuku ametagia ndani yake. Nikamwuliza mwenye nyumba, mama wa umri wa mama yangu, "Mama, jiko limekukosea nini?" Akacheka, akanijibu, "Mwanangu, jiko linapika. Lakini halinipashi joto, na mahindi yangu ya mbegu nitayatundika wapi?"

Nilirudi mjini nikiyafikiri maneno yale. Mama hakuwa mkaidi. Alikuwa na hesabu. Moto wake ulifanya kazi sita, na waliomletea jiko walifikiria moja tu. Walimwondolea mtumishi wa kazi sita, wakampa wa kazi moja, kisha wakamshangaa alipomrudisha yule wa kwanza.

Tazameni sasa mji mkubwa wa ng'ambo uliokuwa na shida kama hiyo. Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu mzito uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe, kwa muda wa siku tano. Watu wapatao 4,000 walikufa, na wataalamu wa baadaye wamesema hesabu yaweza kufika 12,000. Waingereza nao walikuwa wakiota moto nyumbani kwa sababu ya baridi, kama sisi. Mwaka 1956 Bunge lao lilipitisha sheria ya hewa safi. Katika sehemu zilizokatazwa moshi, sheria haikusema tu, "Zimeni moto." Mwenye nyumba aliyebadili jiko lake alirudishiwa sehemu 7 kati ya 10 za gharama. Yakaja makaa yasiyotoa moshi, gesi na umeme, yakaifanya kazi ya joto. Ndipo moshi ulipokubali kuondoka.

Agizo na mtungi

Hapa Tanzania serikali iliagiza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mwezi wa Mei mwaka ule ule Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia. Shabaha yake ni kwamba kufikia mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, kama gesi, umeme na gesi ya samadi.

Ni shabaha njema. Gesi huungua ikaisha, karibu bila ya masizi. Ni kweli hutoa hewa ukaa, na mtungi huuzwa kwa fedha taslimu, na kuni huokotwa. Lakini kwa kifua cha mama, tofauti ni kubwa. Hatari ni ile ile ya yule kuku. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi wa Julai, na nyumba ni ya baridi, na mahindi hayajakauka, mafiga yatarudi. Mtungi utakaa pembeni kama pambo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kila kazi ya moshi itafutiwe mfanyakazi mwingine. Kazi ya mwanga tumekwisha ipatia: ni taa ya jua na umeme. Kazi ya mbegu yaweza kufanywa na kihenge bora, au mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi. Mahindi yakaushwe kwanza juani mpaka yawe makavu kabisa. Kazi ya mbu ifanywe na chandarua. Kazi ya mchwa ifanywe na msingi mzuri na mbao zilizotiwa dawa. Kazi ya joto ndiyo ngumu kuliko zote, wala nisiwafiche. Yafaa dari chini ya bati, madirisha yafungikayo vizuri, na kwa wanaoendelea kutumia kuni, jiko lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje.

Hapo nina onyo. Dohani huokoa macho na vifua vya waliomo ndani, lakini masizi yanayotoka juu bado yako angani. Ili yapungue hasa, moto lazima ule chakula chote. Basi pasua kuni ndogo ndogo. Ziweke mahali pakavu msimu mzima kabla ya kuzitumia. Usizirundike zote jikoni kwa mara moja, bali zipe nafasi ya hewa. Hayo hayahitaji mradi wala fedha. Na mnaochoma matofali, anzeni na matofali yaliyokauka na kuni zilizokauka, maana tanuri la kuni mbichi hula msitu na kutoa moshi tu.

Mwisho wa somo

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Haikuwa kwamba redio ilikuwa na nguvu za ajabu. Ni kwa sababu kila kikundi kilijiuliza, "Sisi hapa kwetu twaweza kufanya nini?" Nami nataka mjiulize hivyo hivyo juu ya moshi.

Na mwanamume aliyemo darasani asiseme kwamba jambo la jiko ni la wanawake. Yeye ndiye anayepanga nyumba ijengwe na madirisha mangapi. Mara nyingi yeye ndiye mwenye fedha ya mtungi. Naye akihisi kifua kinabana usiku, ni masizi yale yale.

Usiku wa leo mkirudi nyumbani, kaeni jikoni kidogo mtazame boriti. Msimcheke bibi aliyeziacha nyeusi. Alikuwa na moto mmoja wa kufanya kazi sita, akautumia kwa akili yake yote. Sisi tuna vingi zaidi ya alivyokuwa navyo yeye. Itakuwa aibu ikiwa na sisi tutawaachia wajukuu boriti nyeusi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja kazi ambazo moto wa mafiga hufanya nyumbani kwako leo. Je, ni ngapi?
2. Kwa nini kibatari kiliondoka bila amri, na mafiga hayajaondoka?
3. Yule mama wa Mufindi alikuwa na haki kulikataa jiko? Toeni sababu.
4. Kijijini kwenu nani huchoma nyasi, na kwa kazi gani? Kazi hiyo yaweza kufanywa vingine?
5. Kila mtu aandike sentensi mbili: jambo moja atakalolifanya wiki hii ili kupunguza moshi, na atakayemsaidia kulifanya.

Tukutane tena katika somo lijalo. Kwa herini, wazee wangu. Kwa herini, ndugu wanakisomo.